Bwana Harusi wa Msituni

Jumatatu, 3 Machi

Nyota yangu imeng'aa leo. Naandika haraka kabla haijafifia.

Asubuhi Mkuu wa Kituo alitukusanya mbele ya ofisi: askari wa msitu, watu wa kitalu cha miche, fundi seremala, na mimi mtunza ghala. Akasema Jumamosi watakuja wageni watatu kutoka makao makuu, mmoja wao mama mtaalamu wa ndege. Wanataka kujua kama Bwana Harusi bado yumo katika msitu wetu au ndiyo basi tena.

Bwana Harusi ni ndege. Mdogo, unaweza kumficha kwenye kiganja. Koti jeusi, kizibao cha njano, na duara jekundu kuzunguka kila jicho, kama mtu aliyelia kwa furaha mpaka akavimba. Ndiyo maana kituo kizima kikampa jina hilo. Anakula wadudu tu, anaimba vizuri sana, na hajaonekana kwa miaka miwili.

Halafu Mkuu akatoa neno lenyewe. Atakayewaonyesha wageni ndege huyo atahamia Nyumba Namba Nne, iliyobaki tupu tangu bwana miche alipostaafu. Vyumba vitatu. Bomba ndani.

Nilimtazama Miluzi. Miluzi akatazama juu ya miti. Huyu ni askari wa msitu, na jina amelipata kwa kuwa anaweza kuiga mlio wa ndege yeyote, hata kuku. Watu wote wanampenda. Sababu sijaiona.

Mke wangu nilimpa habari alipotoka kitaluni. Sisi tunakaa Nyumba Namba Tisa, chumba kimoja kirefu kilichokatwa katikati kwa pazia la maua. Upande wa jiko ni sisi. Upande wa dirisha ni mama mkwe, aliyekuja kwa wiki mbili kuuguza goti. Huu ni mwezi wa kumi na nne. Pazia hilo sijalivuka hata siku moja, na ukutani kwa nje, penye dirisha lake, hata kupita sipiti. Mkwe ni mkwe. Tunaamkiana kwa sauti, kila mtu na upande wake, na akikohoa mimi nasimama wima.

Mke wangu aliuliza jambo moja tu: hivyo vyumba vina milango? Nikasema kila kimoja na wake. Akatulia, akawa anatoa udongo kwenye kucha, maana kutwa nzima anajaza vifuko vya miche. Kisha akasema kwa miezi kumi na minne amezungumza na mume wake kwa kunong'ona tu. Hataki nyumba, hataki bomba. Anataka mlango. Nikamwambia ahesabu ameshaupata.

Nyuma ya pazia mama mkwe akasema, baba, kuna kitu kinanigongea kioo kila alfajiri, tangu juzi sijapata usingizi wa maana. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba nitalishughulikia. Nina mambo makubwa kuliko kioo.


Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: kumfunga Miluzi macho.

Kituo kina darubini moja inayoona. Inakaa ghalani kwangu. Na ghalani kwangu hakitoki kitu bila fomu: jina, kifaa, sababu, saini ya mwombaji, saini ya mtunza ghala, saini ya Mkuu. Sheria hiyo niliiandika mwenyewe na ninajivunia.

Saa mbili Miluzi akaja na fomu yake, mwandiko mzuri, sababu ameandika "kumtafuta Bwana Harusi". Nikamwambia kwa masikitiko kwamba darubini iko kwenye matengenezo. Akaniuliza ile inayoning'inia shingoni mwangu ni nini. Nikamwambia ndiyo hiyo, naitengeneza. Akacheka, akaenda zake na macho yake mawili.

Nikafunga ghala nikaingia msituni. Nilitembea saa tatu. Nikaona njano juu ya tawi! Nikasogea kwa tumbo kama mwizi wa mihogo, nikalenga darubini. Lilikuwa jani kavu. Nikaona nyekundu. Ilikuwa kofia ya Miluzi, mwenyewe akiwa chini yake, amekaa juu ya gogo anakula chakula chake cha mchana. Alinipungia mkono. Wakati nampungia na mimi ndipo nilipotumbukia kwenye shimo la kuchomea mkaa la zamani.

Niliporudi, watu kumi na mmoja wa kitalu walikuwa wamekaa mlangoni mwa ghala wakingoja majembe tangu asubuhi. Mkuu alikuwa amesimama kati yao. Alinitazama kuanzia miguuni, kwenye masizi, akapanda mpaka kwenye darubini, akashuka tena. Kisha akaniomba fomu niliyotolea darubini hiyo. Nikalazimika kuijaza pale pale na kuikataa, kwa kuwa haikuwa na saini yake.

Nyumbani, kesi ya kioo imekua. Mama mkwe anasema leo kimegonga tangu saa kumi na moja na nusu mpaka jua likachomoza, tena kwa hasira. Mke wangu akasema labda ni ndege. Nikamweleza taratibu kwamba kwa wiki hii masuala ya ndege aniachie mimi. Ndege anayegombana na kioo ni ndege punguani, na makao makuu hayatumi watu watatu na gari kwa ajili ya punguani. Hata hivyo, nikauliza kwa sauti, kwa adabu, je, mama ameiona rangi yake? Mama mkwe akajibu kwamba bila miwani yake kila kitu duniani ni kijivu, na miwani yake ilivunjika mkono, na mkono huo mimi niliahidi kuutia skrubu wiki tatu zilizopita.

Nilibadilisha mazungumzo.


Jumatano, 5 Machi

Usiku nimefikiri. Kosa la jana lilikuwa kumfuata ndege. Mtu mwenye akili humwita ndege akaja mwenyewe.

Kwenye rafu ya ofisi kuna kitabu cha zamani, hakina jalada. Kinasema Bwana Harusi hula viwavi, nondo na inzi, huwanasa chini ya majani. Basi. Ukitaka bwana harusi, andaa karamu.

Nyuma ya ghala kuna uwanja mdogo wenye nyasi, na mti mmoja mkubwa pembeni. Nikapanga pale makopo sita. Ndani yake matunda yaliyooza, vichwa vya samaki kutoka jikoni kwa mpishi wa nyumba ya wageni, na sukari guru iliyolowekwa. Kufika saa nne inzi walikuwa wamejaa mpaka wanapishana kwa zamu. Nikajificha nyuma ya pipa, darubini mkononi. Fomu nimejaza. Sababu: "ukaguzi wa pipa."

Saa tano ndege hakuja. Saa sita hakuja. Saa saba wakaja siafu.

Sijui waliitana vipi. Walitoka msituni kwa mstari mweusi mpana kama mkanda wa polisi, wakala vichwa vya samaki, wakala matunda, wakala inzi waliolewa sukari. Kisha wakaangalia nini kingine kipo. Kilikuwapo ghala. Walipita chini ya mlango bila kujaza fomu yoyote. Nami nilikuwa nimeshaingia ndani kufunga dirisha.

Nilitoka kwa kasi ambayo sikujua ninayo. Suruali niliivua mbele ya ofisi. Hilo sitaliandika zaidi.

Miluzi ndiye aliyejua la kufanya. Akamwaga majivu mlangoni, akafungua mlango wa nyuma, akawaambia watu watulie, siafu ni wapita njia. Kweli, saa kumi walikuwa wameondoka, na panya wote wa ghala wameondoka nao. Mkuu akamshukuru Miluzi hadharani. Kuhusu panya hakuna aliyenishukuru mimi, ingawa mwenye karamu alijulikana.

Jioni mke wangu alinipaka dawa kwenye miguu. Alikuwa mpole. Aliniambia, kwa kunong'ona, kwamba Nyumba Namba Nne nisiwe na pupa nayo. Ghalani kuna mbao mbili pana zilizobaki za makabati ya ofisi, Mkuu alishamruhusu kuzichukua, fundi seremala ameshasema atamsaidia. Tuziweke pale penye pazia, tutie na bawaba. Amepima mwenyewe kwa kamba. Nikamwambia asijishushe kwa mbao mbili wakati vyumba vitatu vinatungoja.

Mama mkwe akasema amesikia kila kitu, na kwamba kioo kimegongwa tena.

Kwa hili nimepata jibu. Nje ya dirisha lake kuna mmea unaotambaa ukutani mpaka kwenye paa, mnene, haujakatwa tangu tuhamie. Ni kijiti cha mmea huo kinachogonga kioo kwa upepo wa alfajiri. Sikuhitaji hata kwenda kuuona. Nimemwahidi nitaufyeka wote, mpaka kwenye shina.


Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya tatu. Hii ndiyo yenyewe. Nashangaa kwa nini sikuanza nayo.

Wageni wanataka kumwona Bwana Harusi. Hawajasema wanataka kumshika. Hawajasema wanataka kumsikia akivuta pumzi. Wanataka kumwona, kwa darubini, hatua thelathini. Sasa, kwa hatua thelathini, ndege ni nini? Ni umbo na rangi tatu.

Rangi ghalani ninazo. Nyeusi ya kuandikia vibao, njano ya mistari ya barabara, nyekundu ya ndoo za mchanga wa moto. Nilikosa ubao tu.

Nilichukua mmoja wa zile mbao mbili pana. Nilihitaji kipande cha shibiri moja, lakini ndege wa kwanza alipasuka. Wa pili alifanana na kiazi kitamu. Wa tatu alikuwa mzuri ila mdomo ulivunjika wakati wa kupiga msasa. Nilimwendea fundi seremala, akaniambia yeye anachonga milango na meza, viumbe hai anamwachia aliyeviumba. Nikarudi nikaendelea. Wa nne pia alifanana na kiazi, lakini kiazi chenye mkia, na nilipompaka rangi akabadilika kabisa. Nilimweka juu ya kopo nikarudi nyuma nikamtazama. Nakiri machozi yalinilengalenga. Ule wekundu wa macho! Nilitia tabaka mbili.

Hapo ndipo mke wangu alipoingia ghalani na kamba yake ya kupimia, kaja kuchukua mbao. Akaukuta mmoja umebaki, na wa pili umekuwa vipande na viazi. Nilimweleza mpango wote. Nilimwonyesha ndege. Akamtazama ndege, akanitazama mimi, akaizungusha kamba yake kiganjani taratibu mpaka ikaisha, akatoka.

Ameninunia. Na mke wangu hanuni kwa kelele, anakuwa na adabu. Chakula ameniwekea na kijiko cha wageni. Iliniuma, kusema kweli. Lakini Jumapili akiwa anafunga na kufungua milango mitatu atanielewa.


Ijumaa, 7 Machi

Nimemweka kwenye tawi la ule mti wa nyuma ya ghala, amefungwa kwa waya miguuni. Nikapima hatua thelathini, nikachora alama chini kwa chokaa ili wageni wasisogee zaidi. Nikatazama kwa darubini. Safi! Ameegemea kulia kidogo, lakini bwana harusi gani hajachoka.

Rangi haijakauka kwa sababu ya unyevu. Inzi wanne na nondo mmoja wamenasa kifuani. Kwanza nilitaka kuwabandua. Kisha nikatafakari: huyu si ndege mla wadudu? Nimewaacha.

Miluzi alipita akiwa na buti za matope. Siku tano yuko porini tangu kuche mpaka machweo, na ameniambia mwenyewe kwamba hajamwona Bwana Harusi wala hajasikia mlio wake huko ndani, na anaona kama ndege amehamia upande huu wa majengo. Akaniuliza kama nimesikia chochote karibu na nyumba za wafanyakazi. Nilitaka kucheka. Mtu mzima anatafuta ndege wa msituni kwenye nyumba za watu! Nikamwambia hapana, jaribu tena huko ndani, ng'ambo ya mto. Akashukuru akaenda. Roho ilinisuta kiasi, ikaacha.

Saa kumi na moja jioni nikakumbuka ule mmea wa mama mkwe. Nikaenda ghalani kuchukua panga. Nikajaza fomu: panga moja, sababu kufyeka mmea dirishani. Nikatia saini kama mwombaji. Nikatia saini kama mtunza ghala. Saini ya Mkuu ikakosekana, maana alikuwa amekwenda kuandaa nyumba ya wageni. Nilisimama na lile panga mkononi dakika nzima. Hakuna aliyekuwa ananiona. Lakini kama mimi sitazifuata sheria zangu, nani atazifuata? Nikajinyima panga. Nikajiambia nirudi Jumapili.

Nyumbani nikamwomba radhi mama mkwe kupitia pazia. Akasema hamna neno, baba, tena usiufyeke kabisa, maana kile kigongaji ameanza kukizoea. Binti yake amemfungia miwani kwa uzi na kesho alfajiri atakaa akitazame vizuri. Mke wangu alikuwa huko huko upande wa pili wa pazia. Nilisikia wanacheka kwa sauti ya chini. Mimi nilikula na kijiko cha wageni.


Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia mwanzo, nieleweke.

Wageni walifika saa moja asubuhi. Bwana mmoja wa picha, bwana mmoja wa kuandika, na mama mtaalamu, mwembamba, mpole, kofia pana. Miluzi akasema mbele ya wote kwamba ametafuta siku tano na hakumpata, akaomba radhi. Watu wakamhurumia. Ndipo nikapiga hatua mbele nikasema mimi ninaye.

Niliwaongoza hadi kwenye alama ya chokaa. Nikanyoosha kidole. Mama mtaalamu akainua darubini yake, kubwa kuliko yetu, akatazama. Akatazama tena. Akaniuliza kwa nini hajitikisi. Nikamwambia anatafakari. Baada ya dakika ishirini akasema ndege mwenye uzito wa kipande cha sabuni hawezi kutafakari muda wote huo, atakufa njaa. Nikamwambia huyu ameshakula, atazame kifuani, kuna inzi wanne. Mkuu alikuwa anayatazama majani kwa makini sana, hasa yale yaliyokuwa upande wa pili na mimi.

Na hapo, kutoka upande wa nyumba za wafanyakazi, kikaja kidege kingine.

Sijapata kuona ujuba wa namna ile. Kilitua tawi la juu, kikaimba kwa nguvu kama kinatangaza msiba, kikamrukia ndege wangu! Kikamdonoa kichwani. Kikazunguka, kikamdonoa mgongoni. Waya ukaanza kulegea. Niliona vyumba vitatu vinatikisika na mke wangu akiwa ndani yake. Nikafanya ambalo mwanamume yeyote angefanya. Nilipiga makofi, nikapiga kelele, nikavua kiatu nikakirusha.

Kidege kikakimbia. Ndege wangu akaanguka. Alibingirika mpaka miguuni kwa mama mtaalamu, akampaka wekundu kwenye kiatu.

Mama mtaalamu aliinama akamwokota. Akasema, taratibu, unajua umefukuza nini? Nikasema najua, ni hivi videge vya hovyo, viko vingi, vinasumbua. Akasema alikuwa na koti jeusi. Nikakubali. Kizibao cha njano. Nikakubali. Wekundu machoni. Hapo nikamwambia ukweli wangu: ndiyo, lakini wekundu hafifu mno, ukimweka na huyu wangu utaona tofauti. Wangu ana tabaka mbili.

Hawakunisikiliza. Walikuwa wameshaanza kukimbia kuelekea kilikokimbilia kile kidege, na Miluzi mbele yao, akiiga mlio wake. Nikawafuata na kiatu kimoja.

Walisimama Nyumba Namba Tisa. Kwangu!

Kidege kilikuwa kwenye kioo cha mama mkwe. Kinajirusha, kinagonga kwa mdomo, kinarudi nyuma, kinajiona kwenye kioo, kinapandwa na hasira upya. Upande wa ndani, mama mkwe amekaa kitandani na miwani yake ya uzi. Mke wangu amekaa kando yake. Mama mkwe akafungua kidirisha cha pembeni akawaamkia wageni. Akasema karibuni, huyu bwana anakuja kila siku, alfajiri hii nimemwona rangi zote, mke wake yuko humu kwenye majani amelalia mayai. Nilimwambia mkwe wangu wiki nzima.

Mama mtaalamu akafunua majani kwa ncha ya kidole. Kiota kilikuwa humo kwenye ule mmea, kidogo kama kikombe cha kahawa, kimeshonwa kwa utando wa buibui. Mayai mawili. Bibi harusi mwenyewe amekaa juu yake, jicho kali, wala hakuondoka. Bwana wa picha akapiga magoti kwenye matope. Mama mtaalamu alilia, hakujificha. Akauliza utando wote huu wameutoa wapi, mke wangu akamwonyesha chini ya paa letu. Nikaona wakati wangu umefika, nikaeleza kwamba utando huo upo kwa sababu mimi sijaufagia kwa miaka sita. Hakuna aliyeandika.

Nilifikiri kuhusu lile panga la jana. Nikakaa chini kwenye kizingiti. Mke wangu alikuja akakaa karibu. Alikuwa amekwenda kukiokota kiatu changu nyuma ya ghala, akanirudishia.


Jumapili, 9 Machi

Hukumu imetoka.

Mkuu amesema aliyeonyesha ndege ni mama mkwe wa mtunza ghala, na mama mkwe si mwajiriwa, kwa hiyo hapati nyumba. Nikasimama nikasema mkwe ni familia, na familia ina kiongozi. Mama mtaalamu akadakia kwamba hata hivyo Nyumba Namba Tisa asihame mtu. Ndege wameshazoea sauti za hao hao watu. Wakihamishwa, wakija wengine, bibi harusi anaweza kuacha mayai. Tena wataalamu wengine watakuja, kwa zamu, kukaa ndani na kutazama kupitia kioo. Na ndege hao wakimaliza kutotoa, huwa wanarudi pale pale mwaka unaofuata.

Nikauliza, je, Nyumba Namba Nne?

Amepewa Miluzi. Ni yeye aliyewaongoza wageni kufuata mlio. Miluzi hana mke, hana mtoto. Nimemsikia akimwambia fundi kwamba chumba cha tatu ataweka baiskeli.

Nilimtazama mke wangu nilipomweleza. Nilitegemea alie. Aliuliza kama hao wataalamu watakaa upande gani wa pazia, nikasema wa dirisha. Akasema basi pazia halitoshi, akavaa viatu akaenda kwa Mkuu. Hakunichukua hata mimi.


Jumatano, 12 Machi

Mlango umepatikana.

Mkuu ameagiza chumba chetu kigawanywe kwa mbao, kutoka sakafuni mpaka darini, ili wageni wasisumbue familia na familia isisumbue ndege. Fundi seremala amemaliza kwa siku mbili. Mbao nane, bawaba tatu, komeo moja. Fomu nilisaini mimi mwenyewe, na kwa mara ya kwanza saini zote tatu zilikamilika. Ni mlango mzuri. Unafunga bila kelele.

Mke wangu yuko upande wa dirisha. Mama mtaalamu amemwachia daftari: anaandika bwana harusi ameleta wadudu mara ngapi, wa aina gani, saa ngapi. Kitaluni amepewa ruhusa. Jana aliandika viwavi kumi na saba na buibui wawili, na mwandiko wake umetulia, nimeuchungulia kwenye mwanga chini ya mlango. Mama mkwe ni msimamizi wa dirisha. Wanazungumza kutwa, kwa sauti kamili, wanacheka. Mimi niko upande wa jiko. Nimemkumbuka mke wangu, naye yuko hatua tatu kutoka ninapokaa.

Komeo liko upande wao.

Nimegonga mlango leo asubuhi. Mama mkwe akasema kwa adabu kwamba, baba, Mkuu ameagiza asiingie mtu huku bila fomu. Akanipitishia moja chini ya mlango. Ni fomu yangu. Nilipoichora mimi, nilijivunia ule mstari wa sababu. Nikajaza jina. Nikatia saini. Kwenye sababu ya kuingia nikaandika "mume".

Imerudi saa sita. Imeandikwa mstari mmoja, kwa mwandiko wa mke wangu, umetulia: "Sababu haitoshi. Jaribu tena wakitotoa."

Kesho nitajaza nyingine. Kwenye sababu nitaandika "matengenezo ya komeo". Komeo halijaharibika, lakini vichwa vya skrubu zake mbili vimetokeza upande huu, na mimi ghalani nina bisibisi.